Kura Kumi na Tisa za Ziada

Sanduku la kura lilikuwa ndoo ya zeituni. Wilkister aliinusa kabla ya kuitazama, maana katika kazi yake pua ilikuwa imemtafutia ugali mara nyingi kuliko macho, na ndoo ile, pamoja na kuoshwa na kupigwa lakiri nyekundu, bado ilinuka chumvi na limau. Kwenye kifuniko mtu alikuwa amechonga upenyo kwa kisu cha jikoni. Upenyo wenyewe mpana. Kiganja cha mtoto kingepita, na cha mwanasiasa pia, kwa kuwa mkono wa mwanasiasa hupita popote.

"Waliopiga kura ni wangapi?" aliuliza.

"Mia moja tisini na watatu," alijibu Mzee Munir. "Nimewatia alama mwenyewe daftarini, mmoja mmoja."

"Na karatasi za ndani?"

"Mia mbili na kumi na mbili. Tumehesabu mara nne, bibie. Mara ya tano Mwenyekiti akakataa, akasema tukiendelea kuzihesabu zitazaana."

Wilkister alitoa daftari lake dogo akaandika kumi na tisa, akaizungushia duara. Alikuwa mama wa miaka hamsini na minane, mnene kiasi cha kuheshimika, mwenye leseni ya upelelezi na ofisi ya chumba kimoja juu ya bucha ya halali kule Auburn, mtaa wa Sydney. Siku nyingi kazi yake ilikuwa kuwafuata watu waliodai fidia ya mgongo, awapige picha wakibeba friji. Lakini kabla ya Sydney, huko Kenya, alikuwa karani wa uchaguzi mara tatu. Aliwahi kusimamia kituo ambacho wapiga kura walikuwa wengi kuliko wakazi, mbuzi wakiwemo. Kwa hiyo Mzee Munir aliposikia kwa mwenye bucha kwamba mama wa ghorofani anajua hesabu za aina hiyo, alipanda ngazi kwa magoti yake mabovu akamsalimu kwa Kiswahili safi. Wilkister nusura aangushe kikombe. Kumbe mzee, Mpalestina wa watu, aliishi Dar es Salaam miaka tisa, kwenye miaka ya sabini, karani katika ofisi ya wapigania uhuru wa kwao. Nywele zilikuwa zimemtoka zote. Kiswahili kilibaki.

Sasa alikuwa katibu wa Klabu ya Zeituni, mtaani Guildford, ukumbi wenye paa la bati na viti vya plastiki ambako Wapalestina wa pande hizo walioana, walifundisha watoto kusoma, na waliaga wafu wao. Alhamisi hiyo, Oktoba ya 2016, ukumbi ulikuwa mtupu. Walikuwepo wao wawili na ndoo.

"Nianzie mwanzo, mzee wangu. Mlikuwa mnachagua nini?"

"Mwenyekiti. Abu Ghassan tulimchagua 2006, kwa miaka minne."

Wilkister alihesabu kwa vidole. "Miaka minne mirefu hiyo."

"Mwaka ule ule kule nyumbani walichagua bunge. Bunge likagawanyika, kundi moja likashika Gaza, jingine likashika Ukingo wa Magharibi. Muhula wa rais nao ukaisha 2009, na rais yupo. Sisi tukafuata. Mti ukiinama, bibie, kivuli chake hakiwezi kusimama wima." Mzee alijifuta paji la uso. "Mwaka huu wakatangaza uchaguzi wa mabaraza ya miji, tarehe nane Oktoba. Mwezi uliopita mahakama ikausimamisha. Vijana wetu hapa wakasema, basi sisi tupige kura siku hiyo hiyo, tuwaonyeshe."

"Mmewaonyesha."

"Tumewaonyesha," alikubali mzee kwa huzuni.

Aliyeshindana na Abu Ghassan alikuwa mwanamke, Rawiya, muuguzi wa miaka arobaini na minne. Alipata kura mia moja na tisa. Mwenyekiti alipata mia moja na tatu. Tofauti ni sita, na za ziada ni kumi na tisa. Jumapili saa kumi jioni wanachama wote wangekutana, na wengi walishakata shauri: Rawiya ndiye mwizi. Katiba ya klabu ilisema mtu aliyetia zaidi ya kura moja hufutwa daftarini maisha, pamoja na haki ya kuzikwa katika safu ya klabu kwenye makaburi ya Rookwood.

"Ushahidi wao ni nini?"

"Hina," alisema Mzee Munir. "Tulichovya vidole kwenye wino, kama nyumbani. Lakini usiku wa kuamkia uchaguzi kulikuwa na hina ya arusi ya binamu yake Rawiya. Wanawake wote walikuja vidole vyekundu mpaka kwenye kucha. Wanasema alipanga makusudi, wino usionekane, watu wake wapige mara mbili."

"Arusi ilipangwa lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Na tarehe ya uchaguzi?"

"Mwezi wa tisa."

"Basi huyo si mwizi, ni nabii. Niletee huo wino."

Kilikuwa kichupa cha dawa ya kikohozi kilichojaa maji ya zambarau. Wino halisi ulioagizwa haukufika, mzee alieleza, kwa hiyo Mwenyekiti akachanganya wa muhuri na maji. Wilkister alichovya kidole cha mwisho, akangoja kikauke huku akiimba kimoyomoyo beti mbili za wimbo wa kanisani, kisha akaenda kwenye sinki la jikoni na sabuni ya vyombo. Aliporudi, kidole kilikuwa safi kama cha mtoto aliyebatizwa.

"Hina haina hatia," alisema. "Wino wenu ndio mwongo. Nani mwingine alijua unatoka?"

Mzee Munir alitazama kichupa, akakifunga.

Wilkister alihamia kwenye karatasi. Vilichapwa vitabu vitano vya kura hamsini hamsini. Alihesabu vishina vilivyobaki kitabuni baada ya kura kuchanwa, akilowesha kidole kwa ulimi, jambo ambalo mkubwa wake wa zamani alikuwa akimkataza. Karatasi zilizobaki vitabuni zilikuwa thelathini na nane. Aligeuza za ndooni, moja moja. Kila moja ilikuwa na muhuri wa mzeituni nyuma, na kila moja ilichanika sawasawa kwenye mstari wake.

"Mia mbili hamsini toa thelathini na nane?"

"Mia mbili kumi na mbili," alisema mzee, na sauti ikamshuka kabla hajamaliza.

"Ndiyo hizo. Hakuna karatasi iliyotoka nje, mzee. Hakuna aliyeleta kura kwenye sidiria wala kwenye soksi. Zote zimetoka kwenye meza hii, zimepigwa muhuri kwenye meza hii. Nani alikaa hapa?"

"Mimi na daftari. Na Abu Ghassan na muhuri."

"Mgombea ndiye aliyepiga muhuri?"

"Alisema muhuri ni wa mwenyekiti."

Wilkister aliguna. Kule kwao hata wezi wa kura walikuwa na haya kidogo, walimtuma shemeji.

*

Siku ya uchaguzi mlango ulilindwa na mgeni, ili pande zote zimwamini. Mgeni mwenyewe alikuwa Callixte, Mkongomani wa Bukavu, ambaye siku za kazi alipanga maboksi katika ghala kule Granville. Wilkister alimkuta saa ya chakula, amekaa juu ya kreti, anakula wali kwenye kopo la aiskrimu.

"Mama Wilkister! Karibu, keti. Kreti hii iko safi, miye nilikalia hii ingine."

"Callixte, siku ile ulihesabu watu?"

"Hesabu mingi! Balinipatia kamashini. Mutu anaingia, miye tik. Mutu anaingia, tik. Mia moja makumi kenda na tatu."

"Hakuna aliyeingia mara mbili?"

Callixte alitafuna, akafikiri. "Bale bamama bazee. Banatoka, banakunywa chai, banarudia ndani."

"Na wewe hukubonyeza?"

"Mama, miye niliambiwa nihesabu bantu. Hawakusema nihesabu miguu."

Wilkister alicheka, ingawa moyo haukucheka. "Walirudi saa ngapi?"

"Saa ya mzee kusali. Ile ya midi, saa sita, na ile ingine ya nyuma. Mzee anatoka na kamukeka kake, bamama banaingia. Nilizani banafuata masahani yao. Kulikuwa gâteaux, makeki mingi, Mama! Hata miye nilikula ine."

"Walikuwa wangapi?"

"Kama kenda. Wa mbele alikuwa na fimbo, amefunga plastiki ya njano pa ile fimbo."

"Na mezani alibaki nani?"

"Prezida, peke yake na muhuri yake." Callixte alishusha kijiko. "Sasa kitu moja, Mama. Alikuwa analia."

"Nani, Mwenyekiti?"

"Machozi kabisa. Nikasema, ee, huyu ameshajua anashindwa."

Wilkister alimpigia simu Mzee Munir hapo hapo, akiwa bado amekaa kwenye kreti. Alimweleza fimbo yenye mkanda wa njano.

"Mzee? Unamjua?"

"Namjua," alisema Mzee Munir. "Anaitwa Umm Shukri. Ni mama yake Rawiya."

*

Umm Shukri aliishi na binti yake katika nyumba ya matofali mitaa miwili kutoka klabuni. Ijumaa asubuhi Rawiya alikuwa kazini. Bibi aliwafungulia Wilkister na Mzee Munir mwenyewe, akawakalisha, na kabla ya neno lolote akaweka mezani chai, biskuti za tende, jibini, zeituni, na mayai ambayo hakuna aliyeyaomba. Alikuwa amekaa Australia miaka thelathini na mmoja na Kiingereza chake kilikuwa maneno manne: gudi, basi, dokta na fri. Mzee Munir akawa mkalimani.

"Mwulize Jumamosi alipiga kura ngapi," alisema Wilkister. Alikuwa amejiandaa kwa kukana, kwa kilio, kwa shinikizo la damu. Alikuwa na mbinu tatu mkobani.

Umm Shukri aliinua mkono wake mwekundu wa hina akahesabu kwa vidole, anang'aa kama mtu anayetaja wajukuu.

"Tatu," alitafsiri Mzee Munir. Mbinu zote zikabaki mkobani.

"Tatu za nani?"

"Moja yake. Moja ya kaka yake Yasin, yuko kambi ya Ain al-Hilweh, Lebanon, ana miaka themanini na mmoja. Anasema: kaka yangu alitoka nyumbani akiwa mtoto wa miaka kumi na mitatu. Waliposaini mikataba hawakumwuliza. Walipopiga kura nyumbani, wa kambini hawakuitwa. Amefunga ndoa na shida tangu utotoni, na hakuna hata siku moja mtu aliyemwuliza, Yasin, unataka nini."

"Na ya tatu?"

"Ya Hanin, mtoto wa dada yake, Khan Younis. Uchaguzi wa mwisho alikuwa na miaka kumi na mitano. Sasa ana ishirini na mitano na watoto watatu. Kila mkubwa akisimama kwenye televisheni anasema watu wa Gaza wako nyuma yangu. Anasema, Hanin yuko nyuma ya jiko, nani kamwona?"

"Karatasi alimpa nani?"

"Abu Ghassan. Alimwomba, naye akalia, akampa. Akamwambia, chukua khalti, yaani mama mkubwa, na wao wapige. Basi na wenziwe wakaomba. Umm Tawfiq alipiga ya mumewe."

"Yuko wapi mumewe?"

"Rookwood."

Wilkister alikunywa chai ili apate mahali pa kuficha uso. "Mwulize alimpigia nani. Za hao wengine."

Umm Shukri alijibu kwa kirefu, huku akimsukumia yai.

"Hanin alimpa Rawiya, maana ni dada yake na wanapatana. Lakini kaka yake ni mkaidi kama punda, na anapenda wazee wenye sharubu. Kwa hiyo ya Yasin alimpa Abu Ghassan. Anasema haki ni haki. Kura ilikuwa yake, si yangu."

"Na yake mwenyewe?"

Bibi alirudi nyuma kitini, akamtazama Wilkister kama mtu aliyeulizwa rangi ya nguo ya ndani. Mzee Munir alikohoa.

"Anasema kura ni siri. Anauliza kama shuleni hamkufundishwa."

Wakazunguka kwa wale wenziwe wanane aliowataja. Kila nyumba chai, kila nyumba mayai. Wanne walitaja, wanne walikataa. Umm Tawfiq alisema kura ni siri, ya marehemu zaidi. Mpaka adhuhuri Wilkister alikuwa na tumbo lililojaa na ukurasa mtupu: za ziada nyingine zilikwenda huku, nyingine kule, na hakuna binadamu ambaye angeweza kuzichambua tena ndani ya ndoo ile. Pengine Rawiya alishinda. Pengine alishindwa. Mia moja tisini na watatu waliulizwa, wakajibu, na jibu lao limezama kwenye majibu ya wasioulizwa.

*

Abu Ghassan alimpokea dukani kwake Granville, katikati ya vigae vya choo. Sharubu zake zilikuwa za kutosha watu wawili. Alivuta kiti, akakipangusa kwa leso yake.

"Dada yangu, umechoka. Keti."

"Umetoa kura kumi na tisa kwa mkono wako, Mwenyekiti."

Alitarajia ajikanyage. Abu Ghassan alitikisa kichwa taratibu.

"Nimetoa. Umm Shukri alisimama mbele yangu akasema kaka yangu ana miaka themanini na mmoja. Baba yangu alifia kambi hiyo hiyo. Wewe ungemjibu nini?"

"Ningemjibu hapana."

"Ndiyo maana wewe si mwenyekiti wa Wapalestina."

"Wala wewe hujulikani kama ni mwenyekiti. Hilo ndilo tunalotafuta."

Alicheka, kwa dhati kabisa. "Watu wananipenda. Uliza mtu yeyote."

"Mara ya mwisho waliulizwa lini?"

"Mke wangu simwulizi kila mwaka kama ananipenda."

"Ungeanza na huyo."

Kicheko kilikwisha. Alisogeza kigae kimoja kikae sawa na mwenzake. "Andika, dada yangu. Andika yote. Nitasoma majina tisa Jumapili, mbele ya watoto wao. La kwanza Umm Shukri. Watasema binti alimtuma mama, nawe utawazuia? Kisha katiba ni katiba. Mume wake yuko Rookwood tangu 2003, na nafasi ya pembeni yake imengoja. Nitampeleka wapi yule bibi?"

"Na wewe uliyetoa karatasi?"

"Katiba inasema anayetia. Haisemi anayetoa."

"Nani aliandika hiyo katiba?"

"Mimi," alisema Abu Ghassan, na macho yake yakalowa tena. Hilo ndilo lililomkasirisha Wilkister kuliko yote. Katika miaka yote ya kazi alijifunza kuutambua uongo machoni, na machozi yale hayakuwa ya uongo.

"Basi itisha uchaguzi mwingine."

"Nitauitisha. Hali ikiruhusu."

Jioni alipiga simu ofisi ya serikali inayosajili vyama. Binti mwenye sauti tamu alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia hayo ni mambo ya ndani ya chama, ayapeleke kwa kamati. Wilkister aliuliza kamati inaongozwa na nani. Binti alitafuta kwenye kompyuta. "Na mwenyekiti," alisema.

*

Rawiya alikuwa na dakika kumi na tano za mapumziko. Walisimama nyuma ya makao ya wazee alikofanya kazi, karibu na mashuka machafu yanayongoja gari. Alikuwa mwembamba, mkavu, na alisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Mama alinieleza Jumamosi ile ile, tukirudi nyumbani," alisema. "Kwa furaha. Alisema leo na Yasin kapiga. Nikaegesha gari pembeni ya barabara."

"Umenyamaza wiki nzima wakikuita mwizi?"

"Ningesema nini, aunty?" Neno aunty alijifunza kwa wauguzi Wakenya wa zamu yake. "Kwamba si mimi, ni mama yangu?"

"Ungesema ni Abu Ghassan."

"Nikisema Abu Ghassan alitoa, watauliza nani alipokea." Alitazama saa. "Andika mimi."

"Siandiki uongo. Leseni yangu inaning'inia ukutani, inanitazama."

"Basi usiandike kitu."

"Ukifutwa, na wewe unakosa nafasi Rookwood."

"Nina miaka arobaini na minne. Nina muda wa kutafuta." Aliokota shuka lililoanguka, akalirudisha kwenye kapu. "Yeye ana themanini na miwili, na usiku anaongea na baba kuhusu hiyo nafasi. Anamwambia asogee kidogo."

Kengele ililia ndani. Rawiya alikwenda.

*

Jumapili saa kumi ukumbi ulifurika. Wilkister aliandika ripoti ya ukurasa mmoja, na huo ukurasa ulimgharimu usiku mzima. Aliisoma kwa Kiingereza, Mzee Munir akaitafsiri kwa Kiarabu. Kura zote zilitoka mezani. Wino ulikuwa unatoka kwa sabuni. Hina haihusiki. Mpelelezi hakupata ushahidi wowote kwamba Rawiya alitia au alipanga kutia kura ya ziada. Mpelelezi hatataja waliotia.

Minong'ono ilipanda. Abu Ghassan alinyanyua kiganja, ikashuka. Alimshukuru dada yetu Mwafrika kwa kazi nzuri. Kisha kijana mmoja wa mstari wa nyuma akasimama, na Mzee Munir akamnong'onezea Wilkister: "Anauliza, kama si yeye, ni nani? Anasema mzuka?"

"Ni nani?" walidakia wengine. Hilo halikuhitaji tafsiri.

Ndipo Wilkister alipoona mkono mwekundu unapanda, mstari wa pili. Umm Shukri alikuwa amevaa gauni lake la nyuzi za kudariziwa, fimbo magotini. Alikuwa anatabasamu. Alikuwa na jambo la kusema, na ni jambo zuri, la kaka yake.

Rawiya alisimama mbele yake akamziba.

"Ni mimi," alisema, kwa Kiingereza. "Nilitia zote. Samahani."

Alisema kwa Kiingereza, lugha ambayo mama yake hakuijua, na Wilkister alielewa kwa nini. Alianza kunyanyuka. Rawiya alimtazama mara moja tu, jicho la muuguzi kwa ndugu wa mgonjwa, na Wilkister akakaa. Kiti cha plastiki kililia chini yake.

Abu Ghassan alishika kalamu. Alimtazama Umm Shukri, akamtazama Rawiya, na ikaonekana kama anataka kukataa. Kila mtu angemheshimu angekataa. Kisha alifungua daftari, akafuta jina kwa rula, taratibu, mstari usiende upogo. Alifuta na machozi yake. Akatangaza kwamba uchaguzi umebatilika, na kamati ya zamani itaendelea kubeba mzigo mpaka hali itakaporuhusu. Watu wachache walipiga makofi. Wengi walitafuta funguo za magari.

Rawiya alitoka kwa mlango wa jikoni. Umm Shukri alijikokota na fimbo yake mpaka kwa Wilkister, akamshika mkono kwa mikono miwili, akasema kwa haraka, uso umekunjuka.

"Anasema nini?" aliuliza Wilkister.

"Anauliza kama binti yake ameshinda. Ameona Mwenyekiti analia."

Wilkister alitazama ndoo, bado iko mezani na lakiri yake iliyovunjwa. "Mwambie bado."

Mzee alimwambia. Umm Shukri aliitikia kwa kichwa. Bado ni neno alilolijua. Akauliza tena.

"Anauliza tutapiga lini nyingine."

"Mwambie hali ikiruhusu."

Bibi alifikiri kidogo, akipigapiga sakafu kwa fimbo, kisha akamvuta Wilkister sikio kana kwamba naye angeelewa, akamnong'oneza.

"Anasema safari ijayo aambiwe mapema," alisema Mzee Munir. "Atampigia kaka yake simu amwulize anamtaka nani. Safari hii alikisia tu."